Jina Nililopewa Kisegi

Nilikuwa hata sijatua mzigo begani wakati Edinah wa hoteli aliponiona, akapiga kelele soko zima la Kisegi likageuka.

"Jamani, bwana harusi amerudi! Mpisheni njia!"

Nikageuka nimwone huyo bwana harusi. Nyuma yangu palikuwa na mbuzi amefungwa kwenye mlingoti wa stima, basi. Wanawake wa omena, wale dagaa wa ziwani, wakacheka mpaka mmoja akashika kiuno. Na mimi nikacheka. Sikujua nacheka nini, lakini mtu wa kutembea hujifunza kucheka na watu kwanza, maana ya kicheko ataiuliza baadaye.

Mimi ni fundi wa vyombo. Naziba sufuria, natia mishikio, nanyoosha karai zilizopondeka. Jina langu ni Magige na kwetu ni upande wa Kehancha, mpakani, ingawa huko kwetu sijalala miaka mingi. Naenda Osiri kwa wachimba dhahabu, ambako mawe hayana huruma na karai. Naenda Uriri siku za soko. Halafu nateremka ziwani, kwa sababu akina mama wa omena wana mabeseni ambayo hayajui kupumzika. Mara ya mwisho kufika Kisegi ilikuwa mwaka jana, wakati wa mvua ndefu. Nililala kwa mjane mmoja anaitwa Risper, katika jiko lake la zamani, na nikamzibia vyombo vyote vya nyumba. Tuliachana vizuri. Alinipa hata omena za njiani.

Nikaketi kwa Edinah, akaniletea chai na mandazi, akasimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Edinah, mimi na wewe tunataniana siku zote," nikamwambia. "Lakini utani huu wa leo siuelewi."

"Huelewi? Mzee Magige, uliwasha moto kwa watu ukaenda zako Osiri, leo unaniambia huelewi?"

"Moto gani?"

Akainama. Sauti ikashuka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana Edinah hana sauti ya chini.

"Roseline alikutaja. Mke wa Maxwell, mkaza mwana wa Risper. Alikutaja mbele ya watu, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba mlilala pamoja akiwa na mimba."

Mandazi yalikuwa mdomoni. Sikuweza kumeza na sikuweza kutema.

"Roseline?" nikasema nilipopata nafasi. "Edinah, mimi nina viatu vinavyomzidi yule mtoto umri."

"Ndiyo hata watu walishangaa. Wengine walisema haiwezekani, yule mzee akitaka kuinuka kwenye stuli anaomba mkono. Wengine wakasema, nyinyi hamjui, watu wa kutembea ndio hao."

Halafu akaketi akanieleza yote, na hakucheka tena.

Roseline alizaa mtoto wa kike mwisho wa mwaka, wakamwita Lorine. Mtoto hakunenepa. Akinyonya kidogo anaacha, jasho linamtoka usoni kama amebeba kuni, anahema. Midomo wakati mwingine inakuwa na rangi ya majivu. Risper alipomtazama mjukuu wake wiki hadi wiki, akasema hii ni chira.

Kwa asiyejua: Wajaluo wanasema mwiko ukivunjwa katika nyumba, unarudi kwa njia ya ugonjwa. Mtu hapati homa, anakonda tu, anaisha kama sabuni. Hiyo ndiyo chira. Basi mtoto akikonda hawaanzi kuuliza anaumwa nini, wanauliza nani amefanya nini. Dawa yake ni majani ya kuchemsha, manyasi, lakini haifanyi kazi mpaka kosa litajwe na mwenye kosa. Sisi Wakuria tunayo ya kwetu yanayofanana na hayo, kwa hivyo sicheki mtu.

Wa kwanza kutaja kosa alikuwa Maxwell mwenyewe. Alikiri kwamba mwaka huu alitia mbegu shambani kabla ya mama yake kuanza kupanda, kitu ambacho katika boma la Wajaluo hakifanywi. Alikuwa na haraka, alitaka kurudi ziwani. Wakanywa manyasi. Mtoto akazidi kukonda. Macho yote yakamgeukia Roseline.

"Roseline yeye alitaka kumpeleka mtoto Homa Bay, hospitali kubwa," Edinah akasema. "Risper akakataa. Akasema mtoto mwenye chira havushwi barabara kabla hajasafishwa, atafia njiani. Wakamkalisha Roseline chini, sema, sema. Akasema hana. Wakamkalisha tena. Ndiyo akakutaja wewe. Kesho yake akaruhusiwa, na Risper mwenyewe akamsindikiza."

"Na huko hospitali?"

"Walimpiga picha ya moyo. Kuna mshipa kando ya moyo, mtoto akizaliwa unapaswa kujifunga. Wake haukujifunga. Wanasema apelekwe Eldoret, huko wanaufunga. Lakini baba atie sahihi kwanza, na Maxwell amegoma. Anasema dawa ilinywewa nusu. Mpaka yule mwanamume mwingine naye akiri na anywe yake. Bila hivyo watampasua mtoto bure afe."

Akaniangalia.

"Wewe ndiye mwanamume mwingine," akasema, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko wapi.

Wazo langu la kwanza, sitaficha, lilikuwa kuinua mzigo na kurudi nilikotoka. La pili lilikuwa hasira. Nilikwenda kwa Risper nikiwa na hilo la pili, nikipita kati ya watu walionyamaza nilipokaribia na kuanza tena nilipopita. Nimepita masoko mengi katika maisha yangu bila mtu kunitazama. Siku ile niliona jinsi kutazamwa kunavyofanya miguu isahau kutembea.

Roseline nilimkuta peke yake nyuma ya nyumba, anageuza omena juu ya wavu kwa ufagio, mtoto mgongoni. Aliponiona aliacha ufagio ukaanguka. Hakukimbia. Aliinamisha kichwa tu.

"Baba," akasema, "nipige ukitaka."

"Sikupigi. Nataka kujua nilikukosea wapi."

"Hukunikosea."

"Basi kwa nini mimi?"

Akaokota ufagio. Mtoto mgongoni alikuwa amelala, lakini alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda kilima. Mbavu zilikuwa zinaonekana zikiingia na kutoka. Nywele za kwenye paji zilikuwa zimelowa, na jua lenyewe halikuwa kali.

"Walitaka jina, baba. Kila nikisema sina, wananitazama tu, na Lorine anapumua hivi. Ningetaja mtu wa hapa, mke wake angekuja kunirarua, watoto wake wangechekwa shuleni, na Maxwell angechukua panga. Nikatafuta kichwani mtu ambaye aibu haina mahali pa kumpata. Nikakukumbuka wewe. Huna mke hapa. Huna boma. Huna mtu. Nikasema huyu hata akisikia, atakohoa tu aende zake."

Walevi wa Osiri wamenitukana. Polisi wa mpakani wamenimwagia vyombo vyangu vumbini. Hakuna aliyewahi kunigusa pale alipogusa yule msichana, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa ananieleza tu alivyochagua, kama mtu anayechagua kijiti cha kuwashia moto: kile ambacho hakuna atakayekitafuta.

Ile hasira niliyokuja nayo sikuiona tena.

"Ulikuwa mjamzito nilipolala hapa?" nikamuuliza.

"Nilikuwa. Ilikuwa changa kabisa. Nilijua mimi peke yangu, hata Maxwell hakujua. Huku mke mgeni hatangazi tumbo. Unangoja lijitangaze."

Nikakumbuka zile siku. Risper ana binti aliyeolewa Uriri, Milka, na Milka alikuwa amekuja na watoto wake wenye vipele mwili mzima. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jiko nikigonga sufuria, na Roseline alikuwa anawaogesha watoto wale katika karai, anawapaka mafuta, anawabeba mmoja mmoja. Halafu siku chache baadaye nikamwona yeye mwenyewe amejifunga leso mpaka shingoni, macho mekundu. Nilimuuliza kama anaumwa, akasema ni moshi.

"Haukuwa moshi," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali.

"Kule Homa Bay kuna sista anaitwa Liz. Aliniuliza, mama, mimba ilipokuwa changa ulipata homa na vipele? Au ulikaa na watoto wenye vipele? Akasema kuna surua moja nyepesi, inaitwa rubela. Mtu mzima haimlazi hata siku nyingi, lakini ikikuta mimba changa inaingia kwa mtoto, na wakati huo ndipo moyo wake unatengenezwa. Akasema si dhambi ya mtu. Akasema kama ilikuwa hiyo tuseme tu, kwa sababu kuna vitu vingine watataka kuangalia."

"Ukasemaje?"

"Mama mkwe alikuwa amekaa kando yangu, baba. Magoti yetu yalikuwa yanagusana. Ningesema ndiyo, ningekuwa nimesema yeye ndiye alinituma kwa wale watoto. Yeye ndiye ameshika kila kitu hapa. Angesema, sasa unanitwika mimi chira yako? Angembeba Lorine tukarudi nyumbani siku hiyo hiyo." Akajipangusa pua kwa mkono uliojaa magamba ya samaki. "Nikasema hapana. Sista ameandika hapana."

Nilivyomwona, kunitaja mimi kulimwaibisha, lakini lile hapana ndilo lilikuwa linamla.

"Maxwell anarudi mchana," akasema. "Wakisikia umefika watakaa leo leo. Ukikataa mimi nitakuwa mwongo, na yeye hatatia sahihi. Sina cha kukupa. Naomba tu unywe."

Nilienda nikakaa kwenye kivuli cha ghala mpaka nilipoitwa.

Waliketi katika nyumba ya Risper: Risper mwenyewe, mwanamke mkavu mrefu aliyenisalimia bila kunitazama, Maxwell, bado ana maji ya ziwa kwenye suruali, na Jared, baba mdogo wa Maxwell, ndiye mwenye dawa. Roseline alikuwa chini karibu na mlango na mtoto wake. Waliongea Kiswahili kwa sababu yangu. Kibuyu kilikuwa katikati.

"Mzee," Jared akaanza, "hatukukuita kwa vita. Wewe ni mtu mzima kuliko mimi. Hapa tunatafuta uzima wa mtoto tu. Mwanamke alishasema yake. Tunataka na yako."

Kuku aliingia, akatuangalia, akatoka.

Ningeweza kusema kweli. Nilikuwa nayo mdomoni, na shahidi wangu alikuwa pale pale sakafuni. Lakini nilimtazama yule mtoto, halafu nikamtazama Maxwell, kijana mzuri ambaye shingo yake ilikuwa imekaza kama kamba ya nanga, nikaona nikisema kweli leo hakuna atakayeitaka. Watasema wote wawili ni waongo, na siku zitapita.

"Nilikosa," nikasema.

"Mimba ilikuwa imeshaingia?"

"Nasikia ilikuwa imeshaingia."

"Unasikia au unajua?"

"Najua."

Kwa mara ya kwanza Maxwell akanitazama usoni.

"Mzee, mimi nilikuwa nakuletea samaki," akasema. "Kila nikitoka ziwani nilikuwa nakuwekea wako kando. Nilimwambia Roseline, mpikie yule mzee, hana mtu. Ukala samaki wangu."

Ilikuwa kweli, nilikula samaki wake, na walikuwa wazuri. Nilijikuta naona haya kabisa, haya ya kweli, moto masikioni, kwa kitu ambacho sikukifanya. Sikujua kama hilo linawezekana mpaka siku ile.

Jared akanipa kibuyu. Ile dawa ni chungu, na ina mchanga chini. Nikanywa yote.

"Imekwisha," Jared akasema. "Maxwell, umesikia mwenyewe. Kesho nenda utie sahihi."

"Nitaenda," Maxwell akasema, akainuka, akatoka. Alipita karibu nami bila nguo zetu kugusana.

Nilidhani nami nitaondoka hapo hapo. Lakini Risper si mwanamke wa kuacha fundi apite bure, hata fundi wa namna yangu. Alitoka na beseni lenye tundu, akaliweka mbele yangu.

"Kwa kuwa uko hapa," akasema.

Nikatoa kipande changu cha reli, nikakaa uani, nikaanza kugonga. Roseline alikuwa ameenda kuteka maji. Alikuwa amemlaza mtoto juu ya mkeka karibu nami, kwenye kivuli cha ukuta, na Risper alikuwa ameketi upande wa pili anachambua maharagwe. Beseni la bati ukiligonga juu ya reli, si kelele ndogo. Mbwa aliinuka akahama boma. Kuku walitawanyika. Jirani akapiga kelele nipunguze.

Lorine alikuwa amelala. Hakukunja hata uso.

Mimi sikuona. Nilikuwa natazama tundu langu. Aliyeona ni Risper. Mikono yake iliacha maharagwe, akakaa anamwangalia mtoto nikigonga, nikigonga tena. Halafu akainuka, akaja, akanipokonya nyundo mkononi. Akachuchumaa karibu na kichwa cha mjukuu wake, akaligonga lile beseni yeye mwenyewe kwa nguvu zake zote.

Mtoto akaendelea kuhema usingizini.

Akagonga tena. Halafu akaweka nyundo chini, akamgusa mtoto unyayo kwa kidole kimoja. Lorine akafungua macho mara moja, akatutazama sote wawili.

Risper akakaa chini kwenye vumbi, mwanamke anayekaa kwenye kiti siku zote.

"Sista alisema," akasema polepole. "Baada ya vipele aliuliza, na masikio je, anageuka mkimwita? Tukasema anageuka. Ni mtoto mdogo, nani anajua anageukia nini."

"Ulimsikia akiuliza mambo ya vipele?"

"Si nilikuwa nimekaa pale pale? Nilisikia yote." Alikuwa anaongea na yule mtoto, si na mimi. "Nilimsikia akisema hapana. Nikajua anadanganya, na nikajua anadanganya kwa sababu yangu. Nikanyamaza. Nikamshukuru sista alipogeuza ukurasa."

"Na leo ukaniacha ninywe."

"Nikakuacha unywe."

"Basi ulijua sikumgusa."

"Mzee Magige, mlango wa lile jiko unalia kama punda. Ungefunguliwa usiku boma zima lingeamka." Karibu acheke. Haikutoka. "Nilijua tangu alipotaja jina lako. Lakini alikuwa ametaja, na mimi nilitaka mtu atajwe. Mwanangu alikuwa ametaja lake halikusaidia. Kosa lingebaki bila mtu, lingerudi kwangu."

Akamchukua mtoto, akamweka mapajani.

"Aliniambia, mama, leo mwili wangu haujisikii vizuri, Milka awaogeshe watoto wake mwenyewe. Nikamwambia wasichana wa siku hizi ni wavivu. Mimi, ambaye nimezaa. Sikuona kwamba ana mimba."

"Hakusema."

"Hakusema kwa sababu tunawafunza wasiseme."

Nikaokota nyundo yangu. Sikujua nifanye nini na mikono.

"Mwambie sista," nikasema.

"Maxwell atakuwa amesimama hapo. Atajua mkewe alijitia matope bure, na wewe umekunywa bure, na mama yake alikuwa anatazama."

"Mimi nimeshakunywa, Mama Maxwell. Ni chungu, lakini bado niko hai. Huyu ndiye hajanywa kitu, na masikio hayo hawatayaangalia kama hawajui."

Nilimaliza beseni, akatia maji, akaliinua juu kwenye mwanga. Halikuvuja. Akaingia nalo ndani.

Nililala kwa Edinah, nyuma ya magunia ya mkaa, kwa sababu kwa Risper nisingeweza na kwingine hawakunitaka. Asubuhi nilifunga mzigo wangu niende Osiri. Kufika steji nikawakuta: Maxwell na begi, Roseline na mtoto, wamesimama mbali kidogo mmoja na mwingine kama watu wanaongoja magari tofauti. Nilitaka kupita nyuma ya vibanda. Edinah alikuwa ameshaniona.

"Bwana harusi!" akaita. "Unaenda bila kumsindikiza mke?"

Soko likacheka. Maxwell akainamisha kofia. Roseline akafunika uso wa mtoto kwa leso, sijui alikuwa anamficha nini.

Hapo ndipo Risper alipotokea, amevaa nguo ya kanisani, mkoba mkononi. Alisikia kile kicheko. Akasimama katikati ya barabara, akaanza kusema kitu kwa Kijaluo, akaacha. Akanitazama. Akaanza upya kwa Kiswahili, polepole, kila neno analiweka peke yake.

"Edinah, nyamaza. Huyu mzee hakumgusa mke wa mwanangu. Hakuna mwanamume aliyemgusa. Ni vipele. Vipele vya watoto wa Milka ndivyo vilimwingia akiwa na mimba changa, na vikaingia kwa mtoto. Na aliyemtuma awaogeshe ni mimi."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akidhani ni mzaha, akajikuta anacheka peke yake.

"Mama," Maxwell akasema. "Mama, unasema nini?"

"Nasema nitakachomwambia sista. Nimeanza kukisema hapa ili nikifika kule nisiweze kurudi nyuma." Akaubana mkoba kwapani. "Na mtoto hasikii vizuri. Hilo pia nitasema. Nilijaribu jana."

Maxwell akamgeukia mkewe.

"Roseline. Ulisema mwenyewe. Mbele yangu, mbele ya baba mdogo, ulisema."

Roseline hakuinua kichwa.

"Nilisema," akajibu. "Ndiyo tukaenda hospitali."

Nilimwona Maxwell anatafuta mahali pa kuweka macho: kwa mama yake hawezi, kwa mkewe hawezi, kwangu ndiyo kabisa. Mwisho aliyaweka kwa mtoto. Aliweka begi chini, akanyoosha mikono, akamchukua Lorine kwa Roseline pale pale mbele ya soko, akamshika vibaya, kama mtu anayeshika wavu wa mwenzake. Gari lilipokuja alipanda naye. Roseline akafuata. Risper akapanda wa mwisho, akashikilia mlango, na mara moja akaniinamishia kichwa. Hakuna aliyeniomba radhi, na ningeombwa nisingejua pa kuiweka.

Wanawake wa omena walirudi kwa omena zao. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenitazama pia, na nikaona kwamba wao sasa ndio hawajui macho yao wayapeleke wapi. Edinah akaniletea chai ambayo sikuiagiza. Aliiweka mezani, akaipangusa meza ambayo haikuwa chafu, akaondoka bila kuniita jina lolote.

Gari la Osiri lilipita. Sikulisimamisha. Nikafungua mzigo pembeni mwa barabara, nikatoa reli, nikakaa. Nilijiambia nangoja tu nijue wamesema nini kuhusu masikio.

Mchana simu ya Edinah ikalia. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo, akaja mpaka nilipokaa.

"Ni Maxwell. Ametia sahihi. Mama amemwambia sista yote, sista amefuta lile la kwanza akaandika upya. Masikio wameanza kuyapima, na macho yatafuata. Eldoret watapewa siku."

"Anahema vile vile?"

"Vile vile. Lakini wamempa dawa ya kungojea." Akaitazama simu. "Akasema pia, mwambie mzee. Halafu akanyamaza. Halafu simu ikakatika."

"Ilikatika, au aliikata?"

"Sijui, mzee Magige."

Alibaki amesimama. Halafu akaenda hotelini kwake, akarudi na sufuria yake kubwa ya chai, ile ambayo miaka yote amekuwa akinikataza kuigusa, akaiweka mbele yangu na kunionyesha mahali inapovuja.

"Nitaingoja mpaka lini?" akauliza.

"Mpaka warudi," nikamwambia.